Maswali ya Wasomaji: Cha Kiwandani, cha Wakala au cha Mtaani? Vifaa vya Ziada vya Datsun 240Z

Katika toleo lililopita tulieleza historia ya Datsun 240Z, gari la michezo la milango miwili lililotengenezwa na Nissan Shatai mjini Hiratsuka, Japani, likauzwa nchi za nje hadi mwaka 1973 na kushinda mbio za Safari mara mbili, mwaka 1971 na mwaka 1973. Barua zilizofuata zimeelekea karibu zote upande mmoja. Wasomaji wanataka kujua kama spoila, rimu, viyoyozi, taa na vioo walivyovikuta kwenye magari haya vilitoka navyo kiwandani, viliongezwa na wakala aliyeliuza gari, au ni kazi ya gereji za miaka ya baadaye. Nimechagua barua ambazo majibu yake yatawafaa wengi, na ile ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu njia zilizomo ndizo zitakazotumika katika nyingine zote.

Swali: Mhariri, shikamoo. Marehemu mjomba wangu alituachia Datsun 240Z yenye usukani wa kulia aliyoinunua ikiwa mpya mjini Nairobi mwaka 1972. Ina spoila ya nyuma, rimu za aloi na taa mbili kubwa za ziada mbele. Mnunuzi aliyekuja kuitazama anadai kwamba hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho ni cha asili, kwa hiyo tumpunguzie bei. Nitajuaje ukweli? — Msomaji, Mombasa

Marahaba, na poleni kwa msiba. Mnunuzi wenu amechanganya maswali mawili ambayo ni lazima yatenganishwe: kifaa kilitengenezwa na nani, na kilifungwa wapi. Spoila inaweza kuwa kipuri halisi cha Nissan, chenye namba yake na boksi lake, lakini ikawa imefungwa na fundi wa wakala siku chache kabla mjomba wako hajakabidhiwa ufunguo. Kifaa cha namna hiyo ni cha wakala na ni cha umri mmoja na gari. Si cha kiwandani, lakini pia si takataka ya kumpunguzia mtu bei. Vilevile wakala aliweza kufunga kitu kilichotengenezwa na kampuni nyingine kabisa, na kitu hicho kikabaki kuwa sehemu ya kweli ya historia ya gari tangu siku ya kwanza.

Anza na gari lenyewe kabla ya kugusa vifaa. Fungua boneti utafute kibati cha utambulisho kwenye chumba cha injini, ambacho hutaja namba ya chasisi, namba ya injini, ujazo wa injini na urefu kati ya ekseli, yaani milimita 2,305. Gari la usukani wa kulia lililotengenezwa kwa ajili ya nchi za nje lina namba inayoanza na HS30, na la usukani wa kushoto HLS30. Linganisha namba ya kwenye kibati na ile iliyogongwa kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria, kisha ulinganishe namba ya injini na ile iliyogongwa kwenye bloku. Injini iwe L24, yenye silinda sita na ujazo wa sentimita za ujazo 2,393. Hatua hii ina maana kubwa kwa sababu kila soko lilipewa vifaa vyake: Waingereza na Waaustralia walipata giaboksi ya gia tano, ilhali Wamarekani walipata ya gia nne. Mtu asiyejua gari lilitengenezwa kwa ajili ya soko gani hawezi kusema lolote la uhakika juu ya vifaa vyake.

Sasa twende kwenye spoila. Fungua mlango wa nyuma, toa kava la ndani kwa uangalifu ili klipu zake zisivunjike, na utazame nati zinazoishika spoila. Legeza moja, toa washa, yaani kile kipande cha duara kilicho chini ya nati, kisha mulika tundu kwa tochi. Tundu lililotobolewa kiwandani lilitobolewa kabla bodi haijapigwa praima na rangi, kwa hiyo ukingo wake umefunikwa na rangi ileile hadi ndani, na ni laini ukiupitishia ncha ya kijiti. Tundu lililotobolewa kwa drili baadaye lina ukingo wa chuma kitupu, mara nyingi wenye vinundu vikali upande wa ndani ambako drili ilitokea, na kwa gari lililokaa karibu na bahari ya Mombasa kutakuwa na duara la kutu lililoanza hapo na kusambaa chini ya rangi. Fundi makini wa wakala alipaka rangi ya kuzuia kutu kwa brashi. Alama za brashi huonekana hadi leo, na mara nyingi rangi hiyo haifanani na ile ya bodi.

Ukikuta tundu la drili, usikate tamaa. Wakala naye alitumia drili, na kwa vifaa vingi hakuwa na njia nyingine. Kinachomtofautisha na gereji ya mtaani ya mwaka 1990 ni mambo madogo yanayokubaliana: matundu yaliyopimwa yakalingana kushoto na kulia, washa za mpira zilizokauka na kupasuka kwa umri, rangi iliyofifia pande zote za spoila lakini ikabaki mbichi chini yake. Hilo la mwisho ndilo ninaloliamini kuliko mengine. Kama spoila imekaa mahali pake tangu gari likiwa jipya, rangi iliyo chini yake haijawahi kuliona jua, nayo itakuwa na rangi ileile ya awali ya kiwandani. Kama chini yake kuna rangi iliyochujuka, au kuna rangi ya pili juu ya ile ya kwanza, basi spoila ilikuja baada ya gari kuzeeka.

Igeuze pia spoila yenyewe. Namba za vipuri vya Nissan vya enzi hizo zilikuwa na alama kumi, tano kisha kistari kisha tano. Tano za kwanza hutaja aina ya kipuri, na tano za mwisho hutaja gari au toleo lake, na kwa 240Z nyingi kati ya hizo huanza na E41. Namba inaweza kuwa imegongwa, imechapwa kwa wino au iko kwenye karatasi iliyobaki nusu. Kutokuwepo kwa namba hakuthibitishi kitu, lakini faiba yenye nyuzi zinazoonekana, iliyopakwa resini kwa mkono upande wa ndani, inaelekeza kwenye karakana ndogo na si kwenye ghala la Nissan.

Kuhusu rimu, jambo ni rahisi zaidi. Magari ya kawaida ya nchi za nje yalitoka na rimu za chuma za inchi 14 zenye vifuniko vya magurudumu, na upana wake ulikuwa inchi 4.5 tu. Kwa hiyo rimu za aloi kwenye gari lenu ama zilifungwa na wakala ama zilinunuliwa baadaye. Toeni moja msome mgongo wake: watengenezaji huandika jina, ukubwa na mara nyingi tarehe kwa herufi zinazotokea kwenye chuma chenyewe kinapomwagwa kwenye kalibu. Muhimu pia ni kutafuta zile rimu nne za chuma. Wateja wengi waliobadilishiwa rimu waliachiwa za awali, na ya tano, ile ya akiba, mara nyingi bado iko mahali pake sakafuni nyuma ya gari. Kama tairi la akiba limo kwenye rimu ya chuma na mengine manne yamo kwenye aloi, hapo mna habari ya maana.

Taa kubwa za mbele hazikuwa kifaa cha gari la kawaida la barabarani. Hata hivyo Kenya ya miaka ile ilikuwa nchi ya Safari, na mteja aliyenunua gari la michezo alikuwa na hamu ya kulipamba kama yale aliyoyaona yakipita. Fuata waya. Waya za kiwandani zimefungwa pamoja kwa tepu, zina rangi zilizopangwa na viunganishi vya plastiki vinavyoingiliana. Waya zilizoongezwa hupita peke yake, huunganishwa kwa klipu za kubana juu ya waya nyingine, na swichi yake huwa imening'inizwa chini ya dashibodi. Umri wa waya husomeka: plastiki ya miaka ya 1970 imekuwa ngumu na hupasuka ukiikunja. Angalieni pia bolti. Datsun yote ni ya milimita, na fundi hulifungua kwa spana namba 10, 12, 14 na 17; bolti za inchi, ambazo zilikuwa za kawaida Nairobi kwa sababu ya magari ya Kiingereza, zinaonyesha kwamba kibano cha taa kilifungwa hapa nchini.

Mwisho tafuteni karatasi, kwa sababu ndizo zitakazomnyamazisha mnunuzi. Logibuku haitaji spoila. Risiti ya mauzo, kitabu cha huduma chenye mihuri, barua ya bima iliyotaja vifaa, na zaidi ya yote picha za familia za miaka ya mwanzo, hutaja. Picha ya harusi ya mwaka 1973 inayoonyesha mgongo wa gari ikiwa na spoila ni ushahidi ambao hakuna mtaalamu atakayeukataa. Waulizeni shangazi na wajomba waliobaki kabla hamjamjibu mnunuzi.

Swali: Nimenunua 240Z ya mwaka 1971 huku Minneapolis. Ina kiyoyozi chenye nembo ya ARA chini ya dashibodi, mistari ya kromu kwenye milango, kioo cha pembeni upande wa abiria na giaboksi ya gia tano. Muuzaji alinipa pia ile karatasi ya bei iliyobandikwa dirishani gari likiwa jipya, na kiyoyozi hakimo. Je, nimeuziwa gari lililochezewa? — Msomaji, Minnesota

Hapana, kaka, umeuziwa gari lenye karatasi ambayo wengi wangeitamani. Sheria ya Marekani ya mwaka 1958, iliyosimamiwa na seneta Mike Monroney wa Oklahoma ambaye karatasi hiyo huitwa kwa jina lake, iliagiza kila gari jipya libandikwe maelezo ya bei ya msingi pamoja na bei ya kila kifaa cha ziada kilichokuwa tayari kimefungwa wakati gari linamfikia wakala. Maneno hayo ya mwisho ndiyo ya kuyashika. Kisichoandikwa hapo lakini kipo kwenye gari kilifungwa kwa wakala au baadaye. Kilichoandikwa hapo kilifungwa kabla ya wakala, ingawa si lazima iwe Hiratsuka, kwa sababu magari yaliyoshushwa melini yaliweza kuongezewa vifaa bandarini na msambazaji kabla ya kupelekwa kwa mawakala. Kwa hiyo kwa gari la Marekani mahali pa kufungia huwa panne: kiwandani, bandarini, kwa wakala na mtaani.

Kiyoyozi chako kinakubaliana na karatasi. Viyoyozi vya 240Z za Marekani vya miaka ile vilikuwa vifaa vya kufungwa na wakala, na ARA ya Texas ilikuwa miongoni mwa kampuni zilizotengeneza seti zake, zikiwa mara nyingi na kompresa ya York. Chukua spana uende kwenye kibano cha kompresa. Kama spana ya milimita 12 haiingii na ya 13 inacheza, kichwa hicho ni cha nusu inchi, na hivyo ndivyo seti ya Texas inavyopaswa kuwa. Tazama pia tundu ambamo mipira ya gesi inapita kwenye ukuta wa injini, uone kama lilikatwa vizuri na kuwekewa pete ya mpira. Ukipata bolti za inchi kwenye kiyoyozi na za milimita kila mahali kwingine, una seti kamili ambayo haikuchanganywa. Usikubali fundi aing'oe ili kupunguza uzito. Seti iliyokamilika, yenye vitobo vyake vya hewa na vishikio vyake, ni ngumu kuipata, na ikishatawanyika haikusanyiki tena.

Mistari ya kromu kwenye milango ni ya wakala au bandarini. Kioo cha upande wa abiria ni nyongeza, kwa kuwa gari la Marekani lilikuja na kioo cha dereva pekee. Chunguza tundu kama nilivyoeleza juu.

Giaboksi ndiyo isiyokubaliana na gari. Nissan haikuuza 240Z ya gia tano Marekani. Huko uliweza kuchagua gia nne za mkono au, kuanzia magari ya 1971, otomatiki ya gia tatu iliyofungwa kiwandani. Gia tano uliyo nayo karibu hakika imetoka kwenye gari la miaka ya baadaye la familia hii ya Z. Ni badiliko linalopendwa kwa sababu linashusha kelele za injini kwenye barabara kuu, wala halina aibu, ila liandike kwenye kumbukumbu za gari kama lilivyo, na mwulize muuzaji ile ya gia nne iko wapi.

Kwa kuwa uko huko, nikutajie jambo moja zaidi. Mikanda ya usalama ya Marekani ilitakiwa na kanuni kuwa na lebo yenye mwaka wa kutengenezwa. Ivute yote hadi mwisho, maana lebo hujificha karibu na kifungio cha chini. Mkanda wa 1971 kwenye gari la 1971 unakuambia kwamba ndani ya gari hakujafumuliwa sana, na hiyo inaongeza imani katika vifaa vingine vyote. Tarehe ya gari lenyewe utaikuta kwenye kibati cha nguzo ya mlango wa dereva, mwezi na mwaka.

Swali: Niko Arusha. Z yangu ina matundu mawili ya hewa kwenye mlango wa nyuma, chini ya kioo. Jirani yangu ana Z ya 1972 na yake haina. Anasema yangu ni mapambo ya gereji. — Msomaji, Arusha

Gari lako ni la mapema kuliko lake, na matundu hayo ni ya kiwandani. Magari ya mwanzo yalitolea hewa ya ndani kupitia mlango wa nyuma, na kwenye nguzo za pembeni yalikuwa na nembo iliyoandikwa 240Z. Mwanzoni mwa mwaka 1971 hewa ilihamishiwa kwenye nguzo zenyewe, ikawekewa nembo ya duara yenye herufi Z, na mlango wa nyuma ukabaki bila matundu. Tazama pia kioo cha nyuma: kama nyaya za kuondoa ukungu zinasimama wima badala ya kulala, hiyo nayo ni alama ya magari ya mwanzo. Visanduku viwili vilivyomo sakafuni nyuma ya viti, ambavyo wengi hudhani vilichongwa na mwenye gari, ni vya kiwandani vilevile. Tafadhali usiruhusu mtu ayazibe matundu hayo.

Swali: Mfanyabiashara wa Japani ananiuzia Fairlady (jina la Z huko Japani) 240ZG yenye pua ndefu, kwa bei kubwa kuliko 240Z ya kawaida. Nitahakikishaje kwamba pua hiyo haikuongezwa? Ninaishi Muscat. — Msomaji, Oman

Hapa uangalifu wako una thamani ya fedha nyingi. Nissan ilianza kuuza 240ZG nchini Japani mwezi Oktoba 1971, ikiwa na pua iliyorefushwa, vifuniko vya plastiki angavu mbele ya taa, na mapanuzi juu ya matao ya magurudumu. Pua ile iliongeza urefu wa gari kwa milimita 190, kutoka 4,115 hadi 4,305. Ilipendeza macho ya wengi, na vipande vyake viliuzwa pia kama vipuri, kisha karakana nyingi zikaiga kwa faiba. Matokeo yake ni kwamba magari yenye pua ni mengi kuliko 240ZG za kweli.

Usiipime pua kwanza. Omba picha iliyo wazi ya kibati cha chumba cha injini, na uone kama modeli imeandikwa HS30H, yaani HS30 yenye H mwishoni. HS30 peke yake haitoshi, kwa kuwa 240Z ya kawaida nayo ina msimbo huo. Kisha omba picha ya rangi ya awali, mahali ambapo wapaka rangi wa baadaye hawafiki: chini ya zulia, ndani ya nguzo ya mlango, nyuma ya dashibodi. 240ZG ilitolewa kwa rangi tatu tu za kundi lililoitwa Grand Prix, nazo ni nyekundu, nyeupe na ile ya zabibu iliyoiva. Gari lenye rangi ya kijani au ya machungwa chini ya zulia halikuzaliwa ZG hata kama pua yake ilinunuliwa dukani kwa Nissan.

Baada ya hapo ndipo utazame pua na mapanuzi. Omba picha za ndani ya matao ya magurudumu: ukingo ulivyokatwa, ulivyozibwa, na kama kazi ya kushoto inafanana na ya kulia. Usimchukulie muuzaji kuwa mwongo kama gari litaonekana kuwa la kawaida lililoongezewa vipande halisi. Huenda mwenye gari wa kwanza alikwenda kwa wakala wake mwaka 1973 akaomba pua ile, na hilo ni gari zuri lenye kifaa halisi cha wakala. Tatizo ni bei. Lipa bei ya 240Z pamoja na thamani ya vipande, usilipe bei ya ZG.

Na ukiona kwenye tangazo rimu za magnesi za Kobe Seiko, kumbuka kwamba Nissan iliziweka kiwandani kwenye Z432, modeli ya injini ya S20 ambayo yalitengenezwa takriban magari 420 tu. Kwenye gari lako zitakuwa zimehamishwa. Rimu za Watanabe nazo, pamoja na umaarufu wake wote kwenye magari haya, hazikuwa za kiwandani.

Swali: Naomba msaada. Kuna 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi inauzwa hapa Eldoret, na mwenyewe anasema ni gari la timu ya Nissan lililokimbia Safari. Ushahidi wake ni boneti, taa nne na keji ya chuma ndani. — Msomaji, Eldoret

Boneti nyeusi ilitumika kwenye magari ya timu ili mwanga usimwakie dereva machoni, na kwa sababu hiyohiyo ndiyo jambo la kwanza ambalo kila mpenzi wa Safari aliiga. Edgar Herrmann na Hans Schüller waliposhinda mwaka 1971, huku Shekhar Mehta na Mike Doughty wakishika nafasi ya pili kwenye 240Z nyingine, rangi hizo zilienea Kenya nzima. Mehta aliposhinda mwenyewe mwaka 1973 akiwa na Lofty Drews, zilienea zaidi. Rangi, taa na keji vinaweza kufungwa na fundi yeyote hodari katika wiki moja.

Gari la timu hujulikana kwa utambulisho wake. Timu iliyaandaa magari yake Japani, na kila gari lilikuwa na namba ya chasisi na namba ya usajili vinavyoweza kulinganishwa na picha za magazeti ya wakati ule na orodha za washiriki. Kama mwenye gari hana namba moja inayoonekana kwenye picha moja ya mashindano, ana gari lililopambwa. Jiulize pia kuhusu bodi: magari ya Safari yaliongezewa uimara kwa kuchomelewa zaidi kwenye maungio na kuwekewa bamba la kukinga chini ya injini. Mulika chini na utafute mishono ya kuchomelea iliyofunikwa na rangi ya zamani, yenye matope ya miaka mingi juu yake. Kuna uwezekano wa tatu ambao ningependa uuchunguze kwa moyo, kwani madereva binafsi wa Afrika Mashariki walishiriki kwa magari yao wenyewe, na gari la mshiriki wa namna hiyo, likiwa na karatasi zake, linastahili kuhifadhiwa kama lilivyo hata kama halikuwa la timu.

Swali: Mimi si mtu wa Datsun. Nina MGB, gari la michezo la Kiingereza, ya mwaka 1967 hapa Nairobi, yenye rimu za spoki na ovadraivu, ile gia ya ziada ya mwendo wa barabara kuu. Je, njia hizi zinanifaa? — Msomaji, Nairobi

Zinakufaa, dada, nawe una bahati ambayo mwenye Datsun hana. Jumba la makumbusho ya magari ya Uingereza lililoko Gaydon limehifadhi daftari za uzalishaji za MG, na kwa kulipia ada hukuandikia cheti kinachotaja tarehe ya kutengenezwa, rangi, soko ambalo gari lilipelekwa na vifaa vilivyofungwa kiwandani. Rimu za spoki na ovadraivu vyote vilikuwa chaguo la kiwandani, kwa hiyo vitaandikwa kama vilikuwepo. Cheti hakitaji alichofunga wakala wa Nairobi. Kwa hicho utarudi kwenye matundu, bolti na picha.

Swali: Fundi wangu wa bodi hapa Dar es Salaam anataka kung'oa kila kisicho cha kiwandani kwenye 240Z yangu, azibe matundu na kupaka rangi upya ili gari liwe "kama lilivyotoka Japani". Ana haki? — Msomaji, Dar es Salaam

Namheshimu fundi wako, lakini naomba umzuie kwa muda. Gari lako halikwenda kwa mteja moja kwa moja kutoka Hiratsuka. Lilipitia kwa wakala, na alichokiweka wakala kilikuwa sehemu ya gari siku mteja wa kwanza alipoliendesha. Ukiking'oa na kuziba tundu lake, unakuwa umefuta ushahidi ambao hakuna pesa itakayoweza kuurudisha, kwa sababu ukingo wa tundu ukishachomelewa na kusagwa hausemi tena ulitobolewa lini. Nimeona magari yaliyosafishwa namna hiyo, na mwenye gari akabaki akibishana na wanunuzi kuhusu mambo ambayo tundu moja lingeyamaliza.

Mpe fundi utaratibu huu. Kabla ya kulegeza bolti yoyote, piga picha ya kifaa kikiwa mahali pake, kisha nati na washa zake, kisha tundu lenyewe likiwa na rula pembeni ili ukubwa uonekane. Bolti za kila kifaa zitiwe kwenye mfuko wake na kuandikwa jina, wala zisichanganywe kwenye kopo moja. Alama yoyote ya wakala, iwe kibati cha jina lake mgongoni mwa gari, stika kwenye kioo au fremu ya namba, isiguswe kabisa. Gari ambalo bado lina jina la muuzaji wake wa kwanza lina njia ya kufuatilia karatasi zilizopotea. Kifaa cha gereji ya juzi, kama redio ya kisasa iliyokatia dashibodi au taa za buluu, kiondolewe bila huruma. Kifaa cha wakala kibaki. Na kile ambacho hamjakipatia jibu kitolewe kwa uangalifu kama ni lazima bodi ipakwe rangi, kihifadhiwe kikavu pamoja na bolti zake, na tundu lake lipakwe rangi lakini lisizibwe, hadi picha ya zamani au risiti itakapopatikana. Ukianza wiki hii, anza na mlango wa nyuma na ukuta wa injini. Huko ndiko kwenye matundu mengi zaidi, na ndiko fundi wa rangi hupenda kuanzia.